Aliyoyasema Mashungi Jikoni

Kuna kundi moja la simu ambamo sitoki hata wakinifukuza. Tumo watu wa makamo tuliolelewa nje ya kisiwa cha Mombasa, wengine Likoni, wengine Kisauni, wengine Changamwe, na kilichotukusanya si ukoo wala dini wala siasa. Ni filamu. Filamu moja tu ya kuchekesha ya vijana wa Kimarekani, ya miaka ya themanini, ambayo kwa sababu wanazozijua wauza kanda wa zamani ilinakiliwa na kunakiliwa tena mpaka ikaingia karibu kila nyumba yenye deki. Wenzetu wana makundi ya kuchangia harusi. Sisi tunabishana kama gari la mle ndani lilikuwa la manjano au la rangi ya maziwa.

Mkuu wetu ni Kadzo wa Kisauni. Angeyashughulikia masomo yake kama anavyoishughulikia filamu hii, leo angekuwa jaji. Ndiye aliyetuonyesha kwamba masharubu ya mwalimu mkuu yanabanduka upande mmoja katika ile sehemu ya mkutano, na kwamba mbwa aliyepakwa rangi ya kijani si mmoja bali ni wawili, ukiwatazama masikio. Ndiye pia aliyetuthibitishia kuwa ile mvua ya mwisho ni ya mpira wa maji, maana nyuma yao kuna paa linalometa jua. Halafu yupo Wafula, aliyekulia Chaani. Kwao mtu alirekodi harusi ya mjomba juu ya kanda, kwa hiyo mwalimu mkuu anapoanza kumfukuza mbwa, ghafla inatokea keki, kwaya ya kanisa, na mjomba ndani ya suti ya kahawia. Wafula aliujua mwisho wa filamu akiwa tayari ana watoto, na bado anashikilia kwamba mwisho wao wa Chaani ulikuwa bora.

Siku moja, juzijuzi tu, Kadzo aliuliza swali. "Jamani, najua ni filamu ya kucheka. Lakini ni wapi mlipolia?"

Niliandika bila hata kufikiri. Nilisema ni pale jikoni, binti anapomwomba bibi yake amwache amalize shule. Na kwa kuwa maneno yale nayajua kwa moyo tangu utotoni, nikayaandika yote: "Bibi, sikatai utakalo. Naomba tu nimalize nilichoanza. Mtu akikatizwa njiani, hukaa umri wake wote akijiuliza mbele kulikuwa na nini."

Kisha Wafula akatuma sauti, anacheka mpaka anakohoa. "Wee dada, hiyo ni filamu gani? Hapo jikoni anaomba gari, bana! Anataka gari ya shosh, huyo bibi yake, aende nayo densi. Hakuna mambo ya shule hapo."

Nikamngoja Kadzo anitetee. Kadzo akaandika, "Mwanaidi, mwenzangu, leo sikuungi mkono. Ni gari."

Mimi ni mbishi, nimerithi kwa wote wawili walionizaa. Niliwajibu kwamba wao ndio waliouziwa kanda mbovu, nikaizima simu.

Kwetu Likoni deki ilitoka Arabuni, imeviringishwa ndani ya blanketi, zawadi ya mjomba wangu kwa mama yake, yaani Bibi. Pamoja nayo ilikuja kanda moja tu, hiyohiyo, na sijui mjomba aliichagua vipi. Bibi aliiweka deki ukumbini, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, akatoa na sharti: itawashwa Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na wanawake wa mtaani wanakaribishwa. Basi Jumamosi mikeka ilitandikwa, madirisha yakarudishwa nusu, na chumba kikajaa harufu ya udi, ya mafuta ya nazi ya nywele, na ile ya vumbi linaloungua deki ikishapata moto. Hiyo ya mwisho ndiyo siwezi kuisahau. Hata leo nikiwasha jiko la umeme lililokaa muda bila kutumika, pua yangu hurudi mkekani kabla ya akili.

Hakuna aliyejua Kiingereza pale ila Halati Zuhura. Halati ni mdogo wake Mama, kitindamimba wa Bibi, na wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Alikaa kwenye kigoda kando ya runinga, rimoti mkononi, na kazi yake ilikuwa kutusomea watu waliomo ndani. Bibi hakuwa na subira. Mzungu akifumbua tu kinywa, Bibi aliuliza, "Yuwasemani?" Na Halati alieleza, tena kwa sauti: ya kukoroma akiwa mwalimu mkuu, nyembamba akiwa binti. Binti mwenyewe alikuwa na nywele zilizotimka kila upande, ndipo wanawake wakampa jina la Mashungi. Jina lake la kweli sikulijua wala sikulihitaji.

Halati alikuwa na mbinu zake. Vijana wawili wakisogezeana nyuso, leso yake iliruka mbele ya kioo na yeye akasema, "Ameingiwa na kibanzi jichoni, yuwamtoa." Bibi hujibu, "Pole yake." Kwa kuwa jambo hilo lilitokea mara kwa mara, nilikua nikiamini Marekani ni nchi yenye vumbi baya sana. Nilimwonea huruma Mashungi kwa macho yake. Siku nilipolisema hili kundini, Kadzo alikaa siku nzima ananiletea picha za matone ya macho.

Mama naye alikaa karibu na mlango akishona kofia. Wanawake wengine walicheka mpaka wakaangukiana, yeye akitabasamu kidogo na kuivuta sindano. Pale jikoni, ambapo kila mtu alimkodolea macho Mashungi, Mama hakunyanyua hata kichwa. Nilidhani hampendi. Nilidhani Mama ana moyo mkavu, na nilimhurumia pia kwa hilo, kama mtoto anavyoweza kumhurumia mtu mzima kwa jambo asilolijua.

Wakati uleule nyumbani kulikuwa na jambo, nami nililijua nusunusu. Halati alikuwa ameposwa. Mposaji alikuwa na duka la vitambaa, mtu wa sala, mpole, na sikumsikia yeyote akimtaja kwa ubaya. Ila alitaka harusi iwe Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita, na hakuona mke wa kukaa nyumbani atafanya nini na kidato cha nne. Bibi alielekea kukubali. Babu alikuwa amefariki zamani, na Bibi aliona anazeeka akiwa na binti mkononi. "Mume mwema haokotwi," alikuwa akisema. "Na ngojangoja huumiza matumbo."

Mwari kwetu haulizwi kwa maneno mengi. Anaulizwa, akinyamaza, amekubali. Kunyamaza kwake ni haya, na haya ndiyo sifa yake, na aliyemjibu mama yake usoni kuhusu posa huitwa mkavu wa macho mtaa mzima. Mama alikuwa ameulizwa hivyo zamani, akiwa darasa la saba, akanyamaza, na mimi ndio matokeo yake. Sasa ilikuwa zamu ya Halati. Alipunguza kula. Alifungua vitabu vyake vya hesabu akakaa navyo bila kugeuza ukurasa. Mimi nilidhani ana homa.

Nilichokiona mimi ni kingine, na nilikiona kabla ya watu wazima, nadhani. Niliona kwamba Mashungi amebadilika. Jumamosi za mwanzo, pale jikoni, Halati alituambia kwa ufupi tu kwamba binti anamwomba bibi ruhusa ya kwenda shereheni, akapita. Kisha ikaja Jumamosi moja Mashungi akaanza kusema mambo ya shule, na kwamba jirani mwenye meno makubwa anataka kumwoa. Sikushangaa. Nilifikiri kanda ni kama mgeni, siku za kwanza huamkia tu, na akishaizoea nyumba ndipo hufunguka. Nilifurahi kwamba ametuzoea.

Ile Jumamosi naikumbuka vizuri. Bibi wa Kizungu yuko kwenye sinki, ameupa mgongo mlango, anaosha sahani. Mashungi anaingia, anasimama, anazungusha kidole kwenye ukingo wa meza. Anaanza kusema. "Yuwasemani?" akauliza Bibi yetu. Halati hakuigiza sauti yoyote siku hiyo. Aliongea kwa sauti yake mwenyewe, tena ya chini, akitazama runinga wala si watu.

"Yuwasema, Bibi, sikatai utakalo. Naomba tu nimalize nilichoanza."

"Amalize nini?" Bibi akauliza.

"Skuli, Mama. Imesalia kidogo." Halati alionyesha runinga kwa rimoti. "Yuwasema, mtu akikatizwa njiani, hukaa umri wake wote akijiuliza mbele kulikuwa na nini."

Jirani mmoja, mama mnene aliyekuja siku zote na kahawa yake, alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Masikini," akasema, "si wamwache asome, kwani ataliwa na nini?" Kwenye kioo bibi wa Kizungu alikuwa bado na sahani zake, na Bibi yetu alikuwa amejiinua nusu kutoka mkekani. "Na huyu ajuza yuwangoja nini?" akamkemea. "Mpe, wewe! Mpe mwanao! Una roho gani?"

Bibi wa Kizungu akajifuta mikono, akafungua saraka ya kabati, akatoa ufunguo, akamtia Mashungi kiganjani. Wakakumbatiana. Halati akasema haraka, "Ni ufunguo wa kasha. Alikuwa amemfungia sare zake."

"Alhamdulillahi," Bibi akasema, akakaa.

Jumamosi iliyofuata yakarudiwa yaleyale, na iliyofuata tena. Bibi akawa anataka pale jikoni parudishwe nyuma wapaone upya. Hakuna aliyehoji kwa nini baada ya kupewa ufunguo wa kasha Mashungi anatoka mbio na kuingia ndani ya gari. Alikuwa anawahi shule, bila shaka. Sisi watoto tuliuchukua mchezo ule uani, mmoja akiwa bibi na bakuli la maji, mwingine akiwa Mashungi, na niligombana na kila aliyeyakosea maneno. Nilijua hata pa kuvuta pumzi.

Kabla Ramadhani haijaandama, Bibi alimwita kaka yake akampa jibu la kuwapelekea wenye posa. Nilikuwa pajani mwake, ananisuka. "Waambie posa tumeipokea kwa heshima," alisema. "Lakini mtoto ana masomo, na mimi simkatizi. Akiweza kungoja, angoje." Mzee alimtazama kama aliyesikia mtu mwingine akiongea. Mwenye duka hakungoja, akaoa pengine, na mtaa ulisema ulichosema. Halati alimaliza, akaenda chuo cha ualimu, na amewafundisha hesabu watoto wa Kisauni mpaka wengine sasa wanamletea watoto wao. Aliolewa kwa wakati wake na mtu aliyemtaka mwenyewe, ambaye kosa lake kubwa ni kupenda chapati.

Kanda ile deki iliila siku moja, ikaitoa utumbo wote nje, nasi hatukuiona filamu tena. Bibi alifariki. Na mwaka jana, baada ya Idi, akafariki Mama.

Kwa hiyo nilipobishana na Wafula sikuwa nimeiona filamu hiyo tangu utoto. Niliitafuta mtandaoni asubuhi ya pili yake, nikaipata, nikakaa nayo mezani. Kiingereza nakijua vizuri sasa. Nilicheka pale pa kuchekesha, na vibanzi vya macho niliviona vyote bila leso. Kisha likaja jiko, na sinki, na kidole kwenye ukingo wa meza.

Ni gari. Anaomba gari la bibi yake kwa sababu wenzake wote watakwenda kwenye dansi kwa gari na yeye anaona aibu kufika kwa miguu. Hakuna shule. Hakuna posa. Jirani mwenye meno makubwa ni jirani tu, amekuja kuazima ngazi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, kana kwamba Mashungi angeona haya abadilishe maneno.

Nilikasirika, na sitaki kusema sivyo. Binti yangu alipotaka kuacha chuo mwaka wake wa pili, nilimsomea maneno yale ya jikoni, nikamwambia hata katika filamu ya upuuzi kuna hekima, akafuta machozi akarudi darasani. Niliyategemea. Sasa niliyaona kama nyumba niliyokaa miaka yote nikaambiwa haina msingi. Kama Mama angekuwapo ningemwendea yeye kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifanya na kila jambo lililoniudhi. Hakuwapo. Nikaenda Kisauni kwa Halati.

"Shikamoo, Halati."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekunja uso? Umegombana na nani?"

"Pale jikoni," nikamwambia hata sijakaa, "Mashungi aliomba gari."

Halati alinitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, mpaka akavua miwani akaifuta kwa buibui. "Lo! Na umri wote huo, leo ndiyo wajua?"

"Ulimdanganya Bibi."

"Nilitafsiri."

"Halati!"

"Haya, nilitafsiri kwa mapana." Akanisogezea kiti na sahani ya kaimati. "Wewe wanilaumu? Mfungo Mosi ulikuwa ule waja."

Nilikaa. Hasira ikanipungua, kwa sababu kumkasirikia Halati ni kazi ngumu, na kwa sababu nilianza kumwona upya yule msichana kwenye kigoda, rimoti mkononi, akijitetea kwa kinywa cha Mzungu mbele ya mama yake mzazi. Nikamuuliza kama Bibi alijua.

"Bibi yako alikuwa akiutazama mchuzi tu akakwambia umezidi chumvi," akasema. "Mimi sijui. Sikumuuliza, naye hakunambia. Lakini siku ile ya kumpa kaka yake jibu la posa, alinitazama kitambo, wallahi, nikataka ardhi ipasuke."

"Ulikuwa jasiri, Halati. Mimi nisingeweza. Tena maneno yenyewe mazuri vile, mtoto wa kidato cha tatu."

Akaacha kucheka. Akaivaa miwani, akaivua tena.

"Maneno si yangu," akasema. "Mamako hakukwambia?"

Nikasema Mama hakuniambia kitu.

"Kweli, angekwambiaje, yule?" Akaisogeza sahani kando. "Tulikuwa jikoni twakuna nazi, mimi na yeye. Mimi nalia. Akanambia, nyamaza Zuhura, nazi itaingia chumvi. Nikamwambia, Dada, nimwambieje Mama? Sina mdomo wa kumjibu. Naye akawa yuwakuna tu, kimya, hata nikadhani hakunisikia. Halafu akasema, sikiza. Mama hajui Kizungu. Mimi sijui, na majirani hawajui. Yule mtoto wa Kizungu yuwaweza kusema lolote."

Nilicheka, nikajikuta machozi yananitoka. Kwa miaka yote niliyoishi na Mama sikuwahi kumsikia akipanga hila yoyote. Nilimjua kama mtu wa kunyamaza, na nilidhani anayenyamaza hana la kusema.

"Ndipo akanipa yale maneno," Halati akaendelea. "Hakuyatafuta, Mwanaidi. Aliyatoa yamekamilika, nami nikawa nayarudia nyuma yake mpaka nikayashika. Sikatai utakalo. Nimalize nilichoanza. Na lile la mbele kulikuwa na nini. Mimi hata sikulielewa vizuri wakati ule, nilikuwa mtoto. Nikamuuliza, Dada, haya yote umeyatoa wapi?"

Alinishika mkono.

"Hakunitazama. Alishika nazi nyingine, akasema, 'N'likuwa nayo mdomoni siku n'liyotolewa skuli. N'kanyamaza, wakasema n'mekubali.'"